Sahani ya Baba wa Kusimama

Kila Jumamosi kabla ya somo, Mwalimu alifunga madirisha. Darasa letu lilikuwa gereji ya kanisa, huko Rosettenville, na upande wa pili wa ukuta palikuwa na Mreno aliyechoma kuku. Saa nne asubuhi moshi ulianza, na harufu ya pilipili na limau iliingia mpaka ndani ya daftari. Mwalimu alifunga dirisha la kwanza, akafunga la pili, kisha akasukuma gunia chini ya mlango. Tulitokwa jasho. Siku moja mtu wa nyuma alisema, "Mwalimu, tutakufa humu kwa ajili ya kuku ambaye amekwisha kufa." Darasa zima lilicheka. Mwalimu hakucheka. Alisema, "Kalamu juu. Imla."

Nilikuwa na miaka kumi na saba nilipoanza kwenda kwake. Nilikuwa nimemaliza shule ya msingi huko Uvira, basi. Baba alipofariki nililetwa Johannesburg kwa dada yake, ambaye sote tunamwita Tantine, na Tantine akaniweka katika saluni yake kusuka nywele. Kusoma nilijua. Kuandika kulinishinda kwa mwendo: sentensi moja ilinichukua muda wa kusuka mistari miwili. Kusema ndiko kulikonishinda kabisa. Wateja wengine walidhani mimi ni bubu, wakawa wananieleza mtindo wanaoutaka kwa vidole.

Mwalimu alikuwa mlinzi wa mlango katika jengo moja la ofisi Marshalltown. Alivaa sare ya kahawia na kofia, na Jumamosi alikuja darasani na sare hiyo hiyo kwa sababu zamu yake ilianza saa nane. Lakini hakuna aliyemwita mlinzi. Hata pasta alimwita Mwalimu. Alizaliwa wapi, baba yake nani, hayo wengine wanajua. Mimi sikuuliza.

Kilichomfanya azungumziwe mtaa mzima ni kwamba hakula nyama. Wala samaki. Wala yai, wala maziwa, wala siagi. Kwa Mkongo mwenye meno yake yote hilo ni jambo la kueleza, na maelezo yake yalikuwa ndani ya kasha.

Kasha lilitoka kazini. Bibi mmoja mzungu aliyekuwa na ofisi ghorofa ya tatu alifariki, na watu waliokuja kusafisha wakatupa kila kitu. Mwalimu aliokota kasha moja la karatasi kwa sababu nyingi zilikuwa zimeandikwa upande mmoja tu, akaona wanafunzi wake wamepata pa kuandikia. Ndivyo alivyotusimulia. Alikaa kuzipanga kwa ukubwa, akasoma ya kwanza, akasoma ya pili, na wiki ile ile akaacha. Alikuwa amepita miaka hamsini. Mtu wa umri huo kwetu habadilishi hata upande wa kulala.

Kwa hiyo mimi nilijifunza kuandika nyuma ya habari za Waingereza walioacha maziwa, na imla zetu zilitoka upande wa mbele. Mwalimu alisoma kwa Kiingereza kimoyomoyo, midomo ikicheza, kisha akatuambia kwa Kiswahili polepole, neno kwa neno.

Alituambia kwamba huko Uingereza, katika karne ya kumi na tisa, kulikuwa na watu walioacha nyama wakakutana katika mji mmoja wa pwani na kuunda chama. Mayai walikula, maziwa walikunywa. Miaka mingi ikapita. Kisha wachache wao wakauliza: ndama wa maziwa haya yuko wapi? Wenzao hawakulipenda swali. Wachache wale wakaomba sehemu kidogo katika gazeti la chama, wakanyimwa. Ilikuwa wakati wa vita vikuu vya pili, chakula chenyewe ni cha mgawo. Ndipo mwalimu mmoja wa useremala akapiga chapa gazeti lake mwenyewe, kurasa chache tu, akazibana na kuzituma kwa wale waliotaka. Na kwa kuwa watu hao hawakuwa na jina, walilichukua jina la chama cha zamani, wakashika herufi za kichwa na za mkia, wakatupa tumbo.

Hapo kwenye tumbo Mwalimu alicheka, peke yake. Kisha akasema, "Mwalimu kama mimi. Karatasi kama hizi." Akazipiga karatasi kwa kiganja, kama mtu anayempigapiga mtoto mgongoni.

Imla ile nilipata makosa kumi na moja, na maswali mengi kuliko makosa. Kwetu maziwa yalikuwa ya mwenye bahati. Mtu anayakataaje yakiwa mezani, na mabomu yanaanguka? Nilitaka kuuliza. Sikuuliza. Nilirudi saluni nikasuka kichwa cha mama mmoja nikiwaza ndama, mpaka mama akalalamika kwamba namvuta.

Tantine hakuwa mtu wa kukaa na swali tumboni. Jumamosi moja alikuja kunichukua mapema akatukuta katikati ya imla ya mbwa. Habari ilikuwa hivi. Mwanzoni mwa karne ya ishirini wanawake wawili walijiandikisha katika mafunzo ya udaktari London ili waone kwa macho yao jinsi wanyama walivyopasuliwa wakiwa hai. Wakaandika kuhusu mbwa mmoja wa rangi ya kahawia. Watu wakachanga, wakamjengea mbwa yule sanamu kwenye bustani. Wanafunzi wa udaktari wakaja kuivunja, wakapigana na wenyeji barabarani, na polisi ikabidi wailinde sanamu mchana na usiku. Mwisho wakubwa wa mji wakachoka, wakaiondoa.

"Mlinzi wa sanamu," Mwalimu alisema. "Fikirini kazi hiyo. Mimi nalinda lifti mbovu."

Tantine alikuwa amesimama mlangoni, mkoba kwapani. "Mwalimu, samahani. Polisi walilinda mbwa?"

"Sanamu yake, mama. Mbwa mwenyewe alikuwa amekwisha kufa."

"Mwaka gani huo?"

Mwalimu alimwambia.

"Ni wakati ule ule," Tantine alisema, "wazungu wanakata watu mikono kwetu, juu ya mpira, ule wa kugema mitini. Nyanya yangu alimjua mzee mmoja asiye na mkono. Mbwa amepata polisi. Ule mzee alipata nani?"

Tulisikia mafuta ya kuku yakilia upande wa pili.

"Ni kweli," Mwalimu alisema.

"Ni kweli tu? Ndiyo jibu hilo?"

"Ni kweli, na sijui la kufanya nalo, mama. Natafuta kwenye kasha kama yupo hata mmoja wao aliyesema neno juu ya mikono. Kasha bado sijalimaliza."

Nilidhani amesema vile ili aondoke pale salama. Lakini wiki nyingi baadaye aliingia saluni mchana, anahema, karatasi mkononi, mimi nikiwa na nywele za mteja vidoleni. "Mama, nimepata! Chama cha kwanza kabisa cha kuzuia ukatili kwa wanyama, kilianzishwa London kwenye duka la kahawa. Na kati ya waliokaa mezani walikuwapo waliopigania biashara ya watumwa ikomeshwe. Watu wale wale, mama. Meza moja."

Tantine alichukua karatasi, akaiangalia ingawa Kiingereza chake ni cha kuuzia nywele, akairudisha. "Watumwa, sawa. Asante. Na mikono?"

"Mikono bado."

"Basi endelea kutafuta, papa."

Na aliendelea. Kwa miaka minne ya kumjua, kila akikutana na Tantine baada ya ibada, Tantine alinyanyua kiganja kimoja hewani kumuuliza, naye alitikisa kichwa. Sikuelewa kama wanataniana au wanagombana. Nadhani wao pia hawakujua.

Kwenye sufuria za watu hakujizuia. Alipokaribishwa aliinama, akafunua mfuniko, akauliza, "Ni nani huyu?"

"Ni kuku, Mwalimu," Tantine alimjibu siku ya Krismasi. "Jina hakutuachia."

Pasta alijaribu kumrudisha kwa Maandiko. Alimkumbusha Petro na ile shuka iliyoshuka na wanyama wa kila aina. Mwalimu akamjibu kwa Danieli na mboga zake. Pasta akasema Danieli alijaribu siku kumi tu. Mwalimu akasema, "Nami nilianza hivyo hivyo." Watu waliokuwa wakipanga viti walicheka mpaka pasta akacheka.

Kisha ukaja mwaka ule ambao polony, ile soseji nene ya bei rahisi, iliondolewa madukani kwa sababu ilikuwa na ugonjwa na watu walikufa. Spaza zote, vile viduka vya mtaani kwetu, zilitoa friji nje. Ghafla Mwalimu akawa nabii. Watu waliomcheka walimfuata nyumbani kumuuliza wale nini. Mtu mwingine angefurahi. Yeye alikasirika. "Mimi sikuacha kwa kuogopa kufa," aliwaambia. "Mnaogopa polony. Nguruwe hamkumfikiria hata leo." Wakaondoka wamenuna, na baada ya miezi michache polony ilirudi, nao wakarudi kwake. Kwenye polony, nasema.

Mkanda wake ulikuwa wa turubai. Viatu vyake vilikuwa vya ngozi, buti nyeusi za kazini. Tantine alimuonyesha kidole. "Na hivyo?"

"Viatu ni vya kampuni. Miguu ndiyo yangu."

Mbu, hao aliwaua. Niliona mwenyewe, kofi moja ukutani, katikati ya imla ya huruma.

Na huruma yenyewe ilinichanganya zaidi ya yote, kwa sababu kwa binadamu haikufika kila siku. Alikuwepo mzee mmoja fundi cherehani aliyekuja darasani akiwa na miaka zaidi ya sitini, ili aweze kuandika vipimo vya wateja. Mwalimu alimsimamisha mbele kwa kosa lile lile wiki tatu mfululizo. Wiki ya tatu mzee alitoka analia, na hakurudi. Wiki hiyo hiyo lori la kuku lilisimama kwenye robot, taa za barabarani, kreti moja ikafunguka, kuku mmoja akaanguka barabarani. Mwalimu aliingia katikati ya magari na sare yake, madereva wakimpigia honi, akamtoa. Alipanda teksi naye ndani ya koti. Alimfuga uani mwaka mzima. Mayai yake hakuyagusa. Watoto wa jirani waliyabeba asubuhi, naye alijifanya haoni.

Nilimuuliza Tantine kwa nini mtu anayemlilia kuku anamliza mzee. Tantine alisema, "Kuku hakosei herufi."

Basi sasa nifike kwenye sahani.

Sisi tulio mbali na kwetu tuna desturi. Msichana asiye na baba mjini hapa akiposwa, kanisa linampa mwanamume wa kukaa kwenye kiti cha baba. Tunamwita baba wa kusimama. Yeye ndiye anayesikiliza upande wa kijana, na yeye ndiye anayesema ndiyo au hapana, na neno lake halirudishwi. Bahati aliponiposa, mwaka wa elfu mbili na kumi na nane, Tantine aliniuliza nani asimame. Nilisema Mwalimu. Alishangaa kwa sababu nilijibu upesi.

Bahati ni mtu wa Lubumbashi, fundi wa simu, anacheka hata akiwa peke yake. Nilimtaka. Nilimtaka mpaka nilikuwa naharibu mistari ya nywele. Lakini neno lenyewe halikutoka. Mwalimu alikuja mara tatu, kama baba wa kusimama anavyopaswa, akaniweka kwenye kiti cha wateja.

"Unamtaka?"

"Sijui, Mwalimu."

Mara ya pili: "Unamtaka, au ni Tantine anayemtaka?"

"Sijui."

Mara ya tatu alinipa karatasi. "Basi andika." Nilikaa na kalamu mpaka chai yake ikapoa. Niliandika jina langu na tarehe. Aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. "Msichana akisema sijui, mimi sina ruhusa ya kusema ndiyo," alisema. Nikaona kwamba anaweza kukataa siku ya kujibu posa, mbele ya watu wote, na nikakosa usingizi, na bado sikusema.

Kulikuwa na tatizo la pili. Kwa watu wa baba yangu, ndiyo ya baba haisemwi kwa mdomo mtupu. Upande wa kijana unaleta mbuzi, na baba anakula ini lake mbele ya wote. Akilimeza, ndoa imefungwa. Asipolila, amekataa, hata kama anatabasamu.

Tantine alimkabili saluni, kiti kikiwa katikati yao. "Mwalimu, weye utakula ao hautakula?"

"Sitakula."

"Basi tutafute baba mwingine."

Wote wawili walinigeukia. Nilitikisa kichwa. Sikutaka baba mwingine. Hilo tu ndilo nililoweza.

"Sasa tutafanya je?" Tantine alisema. "Baba mdogo wa Bahati anakuja na basi kutoka Lubumbashi, siku tatu njiani, mgongo unamuuma. Aambiwe baba wa msichana anahurumia mbuzi?"

Ndipo likaja wazo la soya. Tantine alisema vile vipande vya soya vinavyouzwa vikavu, akivilowesha vizuri, akavikaanga na mawese na nyanya na kitunguu kingi, hata mbuzi mwenyewe angedanganyika. Sahani ya Mwalimu ingewekwa pembeni, mimi ningeibeba, kwa sababu msichana ndiye anayempelekea baba yake akiwa amepiga magoti. Hakuna ambaye angejua.

Mwalimu alivua kofia, akaiweka juu ya kiti. "Nimeacha nyama ili nisiishi kwa uongo," alisema. "Sasa mnaniambia nidanganye ili nisile nyama."

"Ndiyo," Tantine alisema. "Ndivyo tunavyokuambia."

"Kiwe kitunguu kingi," alisema Mwalimu.

Nyama ilitoka Fordsburg, mbuzi mzima, kwa sababu ukichinja uani jirani anaita polisi. Gereji ya kanisa ilipambwa kwa vitambaa. Baba mdogo wa Bahati alikuwa mzee mfupi mwenye suti ya kijivu na sauti ya redio. Alisema Kifaransa kidogo, Kiswahili kingi, akasifu barabara za Afrika Kusini, akalaani kiti cha basi. Watu walimpenda. Mwalimu alikaa kiti cha baba, wima, sare amevua, amevaa shati jeupe ambalo sikujua analo.

Nilitoka jikoni na sinia. Upande wa kulia sahani ya soya, upande wa kushoto sahani ya ini kwa ajili ya baba mdogo, maana mgeni pia hupewa. Nilipiga magoti kati yao. Nilimpa Mwalimu yake. Nilimpa mgeni yake. Kazi ilikuwa imekwisha, na nikaanza kuinuka.

"Ngoja, binti," mzee alisema. Akasimama. "Kwetu kusini, Lubumbashi, baba wawili hawali kila mtu chake kama watu wa hotelini. Kwetu wanabadilishana. Ili kama kuna sumu, tufe sisi tuliozeeka!"

Watu walicheka na kupiga makofi. Na kabla mtu hajafanya lolote, alikuwa ameichukua sahani ya Mwalimu kwa mkono mmoja na kumpa yake kwa mkono mwingine.

Sisi wa mashariki hatukuijua desturi hiyo. Tantine alikuwa mlangoni mwa jiko, mkono mdomoni. Yeye alikuwa mbali. Aliyekuwa karibu ni mimi, magoti chini, kati ya sahani mbili. Ningeweza kusema, "Baba, sahani ya Mwalimu ni ya dawa, ana tumbo." Ningeweza kuangusha sinia. Nimeyafikiria yote tangu siku ile, na mengine ni rahisi sana.

Mwalimu alinitazama. Hakumtazama mzee, hakutazama sahani. Alinitazama mimi, na nilijua anachonitazamia.

Niliangalia buti zake.

Nikasikia kijiko. Nikasikia akitafuna, taratibu, muda mrefu, kama mtu anayesoma neno asilolijua. Kisha sauti yake: "Nimekula. Binti ni wenu." Vigelegele vikajaa gereji. Upande wa pili mzee naye alikuwa anatafuna, macho juu, anafikiri. "Eh," alimwambia Bahati. "Mbuzi wa Johannesburg ana ini laini hivi? Niongezeeni." Tantine alimwongezea. Mpaka leo mzee huyo anasimulia Lubumbashi kuhusu ini lile.

Niliolewa. Tulihamia upande mwingine wa mji, na Jumamosi zikawa za kazi, darasani sikurudi. Nilisikia kwamba Mwalimu bado anafundisha, ila imla za kasha ameziacha, anasomesha barua za kuomba kazi. Kwamba mtu akimkaribisha chakula anasema ameshiba tu, haulizi ni nani. Kila nikipata habari moja kama hiyo, furaha yangu ya nyumbani ilipungua kipande. Bahati aliniambia, "Nenda kamwone." Nilisema nitaenda.

Mwaka uliofuata nilikuwa mjini kununua nywele za saluni. Nilikuwa nimepita barabara ile ya Marshalltown mara nyingi, nikivuka upande wa pili kabla ya jengo lake. Siku hiyo sikuvuka. Alikuwa ameketi kwenye kibanda cha mlango, miwani puani, daftari la wageni mbele yake.

"Jina na saa ya kuingia," alisema bila kuinua kichwa. Kisha akainua. "Ah. Mke wa Bahati."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Unaandika?"

"Kidogo."

Nilisimama na mfuko wangu wa nywele. Mtu alipita na kadi yake, mlango ukalia, ukafunga. Nilisema kwa pumzi moja, kwa sababu nilijua haitakuwapo ya pili. "Mwalimu, siku ile niliona sahani zimebadilika. Nilijua ipi ni ipi. Nilinyamaza."

"Najua."

"Unajua kwamba niliona?"

"Nilikuwa nakutazama." Alivua miwani. "Harufu niliijua kabla sahani haijafika magotini. Nilikuwa na jibu tayari. Ningesema nina nadhiri, yule mzee ni mtu mzuri, angeelewa au angenuna, basi."

"Kwa nini ulikula?"

"Nilikuuliza mara tatu unamtaka. Mara tatu hujui. Nilikuja siku ile na karatasi yako mfukoni, jina na tarehe. Nilikuwa nimekata shauri kusema hapana." Aligeuza kalamu mezani. "Kisha ukaniona naingia kwenye shimo, na wewe unanipenda, hilo najua, na ukaangalia chini. Nikasema, huyu mtoto hajawahi kumfanyia mtu ubaya. Leo anafanya. Basi anamtaka sana."

Nilitaka kulia, nikashindwa kujua ni kwa lipi kati ya hayo.

"Nilikosea?" aliuliza. Na kwa mara ya kwanza niliona kwamba anaogopa. Alikuwa amekaa na swali hilo tangu arusi. "Niambie. Ulimtaka?"

"Ndiyo."

"Sisikii, magari."

"Ndiyo, Mwalimu! Nilimtaka!"

Mwanamke aliyekuwa akisubiri lifti aligeuka kututazama. Mwalimu alishusha pumzi, mabega yakashuka nayo, akaonekana mzee kuliko nilivyomkumbuka. "Sawa," alisema. "Sawa."

Nikaona mlango wa msamaha umefunguka, nikataka kupita. "Basi umenisamehe?"

Alifikiri. Hakuwa na hasira, ningeijua, nimeiona hasira yake mbele ya ubao. Alifikiri kwa uaminifu, kama anavyofikiri juu ya herufi.

"Mimi?" alisema. "Mimi sikuchinjwa."

Nilingoja aongeze kitu. Gari la mizigo lilifika, dereva akapiga honi, naye akavaa miwani na kofia akatoka kwenda kumfungulia geti. Alimwambia arudi nyuma, arudi tena, asimame. Nilisimama pale kibandani na mfuko wangu, samahani bado iko mdomoni, nikijaribu kufikiri mtu anaipeleka wapi.